Mawese Kwenye Shokapu

Baba,

Matanga tumeyaondoa. Kabla wageni hawajatawanyika, ukoo ulikaa kikao kuhusu pikipiki yako. Baba Mdogo alitaka iuzwe. "Chuma kimekufa na mwenyewe," alisema. "Na mwanamke apande pikipiki aende wapi?" Nikamjibu kwamba mimi mkunga naenda kwa miguu kule zahanati inakonituma, kwa wajawazito wa vijiji vipya vya ujamaa, ambao wengi nawakuta wameshajifungua peke yao. Wakakubaliana: ikitoka Kabungu ikafika Mpanda na kurudi salama, ni yangu. Ikikwama, inauzwa.

Haikuwa imeguswa tangu tukuzike, maana unajua kitu cha marehemu huachwa mpaka matanga yaishe. Asubuhi nikaisukuma uani, nikaukandamiza usukani. Mbele hapakushuka hata kidogo, pagumu kama mchi. Nikalia, Baba. Siku ya mazishi sikulia vile. Mchana nikarudi kuikandamiza tena, basi tu, moyo haukukubali. Ikanesa kama kitanda cha kamba! Ugonjwa gani huo, asubuhi mahututi, mchana yu mzima? Nikainama nikainusa. Harufu ya jikoni kabisa, na sisimizi wamejipanga kwenye shokapu.

Baba Mdogo alikiri huku akitazama pembeni. Wakati wa msiba aliona oili ya shokapu inavuja, akavunja mwiko. Oili hakuwa nayo, basi akafungua kule juu akajaza mawese aliyoletewa kutoka Karema. "Nilisema isikauke," akanong'ona. "Ni kitu cha kaka yangu." Na kwa baridi hii ya Juni, mawese yalikuwa yanaganda kila kukicha, jua likipanda yanayeyuka. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kumbe yule anayepiga kelele iuzwe ndiye aliyekuwa akiilisha. Nilimpenda sana saa ile.

Nikamwaga mawese yote, nikasuuza kwa mafuta ya taa, nikaweka sili mpya za kuzuia oili isivuje, zile ulizozificha kwenye kopo la maziwa. Oili nyepesi niliipima kwa chupa ya dawa ya kikohozi, mguu huu wa shokapu sawa na ule, kwa sababu ulikuwa ukisema mguu mmoja ukishiba kuliko mwenzake, pikipiki hutembea kama mlevi. Ya injini niliimwaga ikiwa bado ya moto. "Ya moto hutoka na uchafu wake." Nilikusikia kabisa, Baba, hadi nikageuka nyuma.

Jumamosi tukaenda, Baba Mdogo nyuma yangu, kanikumbatia kama mtoto mgongoni. Makorongo yote yale unayoyajua, shokapu ziliyameza. Kwenda alikuwa akisali. Kurudi akaanza kuimba. Tulipofika Kabungu wazee walikuwa wanasubiri, naye akashuka, akajikung'uta vumbi, akasema kabla hajaulizwa, "Msitafute mnunuzi. Ina mwenyewe."

Nimekukosa sana, Baba. Hasa jioni zile, mikono ikinuka oili na hakuna wa kunicheka.

Pumzika. Nitaibadilishia oili kabla haijanung'unika, na sili nitazitazama kila mvua zikiisha. Nakuahidi. Leo alfajiri waliniita mbali, kwa binti mwenye mimba ya kwanza. Nimefika, Baba, nikapata hata muda wa kunawa mikono na kuchemsha maji, ndipo mtoto akaja.

Mwanao,
Sesilia