Fundi wa Jumanne

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limepata nafuu. Sisi tunapumua. Mjukuu wako kang'oka jino la mbele, anacheka na kila mtu ili walione.

Mama, uliniuliza nilipataje cherehani, nikakujibu kwa mkato kwamba ni mkopo. Ni kweli, ila sikumaliza. Vita vilipoisha walikuja watu wa mikopo midogo, wanawakopesha wajane, watano watano, kila mmoja dhamana ya wenzake. Mmoja akidanganya, wote watano wananyang'anywa cherehani. Afisa aliniuliza mume wangu yuko wapi. Nikasema alipotea vitani, sijui. Akasema kwenye fomu hakuna nafasi ya sijui. Mtoto alikuwa analala na njaa, basi nikaandika marehemu, neno ambalo wewe hujakubali litajwe nyumbani kwako. Niliandika bila kusita, na hilo ndilo linaloniuma.

Mkopo umetuinua, siwezi kuukana. Tunashona sare za shule, paa halivuji, na yule mwenzetu mnene mwenye maneno mengi anasema siku hizi tunatembea kama mabosi.

Kila Jumanne tunakutana chumbani kwangu kulipa mkopo. Jumanne iliyopita, afisa akiwa amekaa, mtu alisimama mlangoni na fimbo. Amekonda, kichwa kimejaa mvi, lakini ni yeye. Mwanao yu hai, Mama. Nilipaswa kuanza na hilo, nisamehe, nilikosa ujasiri.

Afisa akauliza huyu ni nani. Nikawatazama wenzangu wanne, kisha nikasema ni fundi, nimemwita aangalie cherehani, inakata uzi.

Mwanao alinitazama, akaitazama cherehani. Akaweka fimbo chini, akainama kwa shida, akakaza mkanda, akafuta bobini kwa pindo la shati lake, akaizungusha mpaka ikatulia. Afisa akasema mlipeni fundi wa watu. Nikamtilia sarafu kiganjani. Akasema asante mama, kama fundi yeyote anavyomwambia mteja, akaondoka.

Nilidhani ameelewa, atazunguka arudi wageni wakishatoka. Walipotoka niliikuta sarafu kizingitini. Mlango nimeuacha wazi siku sita. Nimemtafuta stendi, nimemuulizia hospitali, hayupo.

Jana niliwaeleza wenzangu ukweli. Yule mnene akasema ningesema tu ni mume wangu, hata kama cherehani zingeenda. Sijapata usingizi tangu hapo.

Mama, akifika kwako mzuie. Mwambie kesho Jumanne nitalifuta lile neno mbele ya afisa, liwalo na liwe, na wenzangu wameridhia. Mwambie mtoto ana macho yake. Mwambie cherehani haikati uzi tena.

Nisalimie majirani wote. Ni mimi,

Mke wa mwanao