Popo Niliyempa Siku Kumi

Lambwe, Alhamisi, Juni 1995. Mawingu tangu asubuhi, ila mvua imekataa kunyesha. Niandike mambo yalivyokuwa, nisijipendelee.

Jumamosi dada yangu Akinyi alipanda kwenye dari ya darasa la nne kuchota mavi ya popo. Hufanya hivyo kila mwaka: mwalimu mkuu anapata dari safi, yeye anapata mbolea ya sukuma wiki. Safari hii alikuta popo mmoja amelala chini mchana kweupe, anatetemeka. Akamwokota kwa mkono mtupu ili amtupe nje, naye akamuuma kidole gumba. Vidonda viwili vidogo, kama vya sindano. Akinyi akamfunika kwa debe, akajipangusa damu kwa leso na kuendelea kuchota.

Jioni alikuja kuniuliza mimi, kwa kuwa mimi ni daktari wa mifugo. Yaani watu hapa huniita hivyo. Ukweli ni kwamba mimi ni msaidizi tu; nachanja ng'ombe, na mara moja kwa mwaka nachanja mbwa. Kuhusu kichaa cha mbwa naweza kuongea mpaka chai ipoe. Mbwa akimuuma mtu, mfunge siku kumi umwangalie. Akifika siku ya kumi akiwa mzima, aliyeumwa hana la kuogopa.

Nikampa popo siku kumi.

Nilivaa glavu za kazi, nikamleta nyumbani na kumfungia chini ya kikapu, jiwe juu. Nikamwekea maji na ndizi mbivu. Ukutani nikaandika kwa chaki: siku ya kwanza. Majirani walikuja kumtazama popo aliyewekwa rumande, nami nikawaeleza kwa sauti ya mtu anayejua. Nakiri nilifurahia sana kuulizwa. Ndizi hakuigusa.

Jana asubuhi, siku ya tano, Akinyi aliniita kutoka nje.

"Popo yako imekufa."

Nilisimama pale na chaki mkononi. Amekufa kwa njaa au kwa ugonjwa? Sikuwa na namna ya kujua. Hapo ndipo nilipoogopa, tena kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Hilo nalo linaniaibisha.

Leo tumekwenda hospitali, Homa Bay. Daktari ni msichana ambaye angeweza kuwa binti yangu. Akinyi alipopelekwa chumba cha pili kuoshwa kidonda kwa maji na sabuni, daktari aliniuliza ni nani aliyesema tungoje. Nikasema ni mimi.

"Mzee, hizo siku kumi ni za mbwa na paka. Popo tunamjua kidogo sana. Anaweza kuwa na virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa, na hakuna anayejua anakaa navyo muda gani. Na hawa wa darini wanakula wadudu. Ndizi ya nini?"



Akinyi aliporudi, yeye aliuliza kuhusu ile homa ya Zaire ya kutokwa damu inayosemwa redioni. Daktari akamwambia huo ni ugonjwa mwingine, na kwamba mnyama anayeuficha bado anatafutwa. Kisha akamchoma sindano ya kwanza. Zimebaki nne. Dalili zikishaanza hakuna dawa, alisema, lakini kwa kuwa hazijaanza, nafasi ipo. Nilimuuliza ni nafasi kubwa kiasi gani. Alisema chanjo ilitengenezwa kwa ajili ya virusi vya mbwa, na kwa vya popo tunatumaini tu. Ila ilifaa aanze Jumamosi.

Nampenda dada yangu. Sijui kama niliwahi kuliandika hilo mahali popote.

Njiani kurudi, kila tuliyekutana naye Akinyi alimwonyesha kidole kilichofungwa bandeji. "Huyu ndugu yangu ndiye ameniokoa. Ameacha kazi yake akanipeleka mpaka kwa daktari." Mimi nilitikisa kichwa kama mtu mnyenyekevu. Siku tano zake nilizipoteza, na bado nilipokea sifa.

Sasa hivi amenichinjia kuku. Firigisi ameniwekea mimi, juu kabisa ya sahani, na bado sijaigusa.

Kesho asubuhi, kabla hajanishukuru tena, nitamwambia nani alimchelewesha.