Sigara ya Meksiko na Migomba ya Mkwe

Mjukuu wangu Lugano,

Ugonile, umelalaje huko Meksiko? Sisi hapa Masoko hatujambo. Mvua haikatiki, na mama yako amepona kikohozi.

Unauliza nimeionaje hiyo sigara nene uliyonitumia, mimi mzoefu wa kiko. Ngoja kwanza. Nilipoolewa, nilikuwa namkaushia baba mkwe tumbaku. Kwa mila zetu mke hamtazami baba mkwe wake, wala hasemi naye. Basi yeye alikuwa akivuta nyuma ya nyumba, kisha anaiambia migomba kwa sauti: "Hii imeanikwa na mtu mwenye subira!" Nami jikoni natabasamu hadi ndizi zinaungua. Uso wake sikuutazama mpaka anazikwa.

Jana nikaiwasha yako. Mwanzoni inawasha kama pilipili, halafu inakuja harufu ya kahawa inayokaangwa. Aliyeianika simjui. Nikatoka nje, nikaigeukia migomba, nikasema kwa nguvu: "Imeanikwa kwa upole!" Mama yako akadhani nimechanganyikiwa.

Wewe uko karibu na huyo aliyeianika. Kama huko hakuna migomba, iambie hata miti mingine.

Bibi yako anayekuwaza