Kisu Kisichopitishwa Motoni

12 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini wewe na wanao hamjambo. Mimi daktari ameacha hata kunikataza chumvi, basi jua mwenyewe nilipofika.

Unakumbuka mvua zile migomba yako iliponyauka, ndizi zikiiva kabla ya kukomaa, ukizikata zina kutu ndani? Ulisema ugonjwa umeletwa na machipukizi ambayo mkeo aliyatoa kwao. Ukaja kuniuliza mimi, bwana shamba. Nikajibu, "Inawezekana." Kesho yake shemeji akafunga virago.

Ugonjwa ulitoka kwangu. Wiki chache kabla ya hapo niliona migomba minne nyuma ya choo changu imeugua, ya kwanza eneo zima. Bwana shamba mzima! Niliona haya. Nikaing'oa kimyakimya, nikapanda maharage juu yake. Kisha ukaniita kwako tupunguze majani. Nilikuja na kisu kile kile. Kilitakiwa kupitishwa motoni baada ya kila shina ili kisibebe ugonjwa, lakini ningewasha moto ungeuliza kuna ugonjwa gani. Sikuwasha.

Sitaki kufa na hili. Nisamehe.

Kaka yako

3 Juni

Kaka,

Shikamoo. Huku wazima.

Barua yako nimekaa nayo muda mrefu, kisha nikampelekea shemeji yako. Anafuga kuku siku hizi. Hakunikaribisha ndani, nikamsomea mlangoni. Wala hakushtuka. "Maharage," akasema. "Si nilikuambia?"

Kweli aliniambia, kaka. Siku ile ile ya kuondoka, khanga zake ziko kitandani: "Nani anang'oa migomba inayozaa apande maharage? Kamuulize kaka yako." Nikamfokea asimvunjie heshima msomi wetu.

Miaka ishirini na moja umekula mezani kwangu, kiti chake kitupu mbele yako, ukiniambia, "Pole, mdogo wangu, ndiyo maisha." Hukuchoka?

Msamaha unaoutaka si wangu. Nilimuuliza kama ana neno kwako. Akasema, "Aandike. Ila asinipitishie kwako."

Nakuwekea anwani yake.

Mdogo wako

11 Juni

Shemeji,

Nakusalimu kwa heshima. Sithubutu kuulizia afya yako kana kwamba tuliachana jana.

Mumeo amekusomea barua yangu. Hata humo nilibakiza jambo, nawe unalijua. Machipukizi yako uliyaleta kwangu kwanza, kwenye kapu, ukaniomba niyakague kabla hujayapanda. Niliyapasua mawili, nikaangalia mizizi ya yote, nikakuambia, "Mazima haya, shemeji. Panda."

Siku ulipofukuzwa nilikuwa nimesimama uani. Ulipita na mzigo kichwani, ukasimama mbele yangu, ukanyamaza. Nilidhani unaniaga.

Ulikuwa unanisubiri niseme. Mimi nikakuambia, "Safari njema."

Yalikuwa mazima.

Shemeji yako, ukiruhusu