Kabila la Mzabibu Wako, Ayeeyo

Mpendwa Ayeeyo,

Mzabibu wako umezaa tena. Naanza na habari hiyo kwa sababu nakujua: ungekuwa hai, usingenijibu hata salamu kabla sijakueleza hali ya mti. Vichala vyeusi vimefunika kichanja cha uani, na wageni wanapita chini yake wameinamisha vichwa vile vile ulivyowalazimisha siku zote.

Mimi nawe tulisemezana Kisomali, bibi yangu, lakini leo nakuandikia Kiswahili. Kiswahili chako cha kuuzia maziwa ya ngamia hapa Garissa kilinifurahisha mno, na barua hii nataka hata wateja wako waisome. Tena nina jambo la kukiri. Kuna kitu nilikijua kuhusu mti huu nikakuficha mpaka Mungu alipokuchukua, na wiki iliyopita kitu hicho nusura kiumalize mti wenyewe.

Unamkumbuka yule mhandisi wa visima kutoka Afrika Kusini? Kila akitoka Dadaab alisimamisha gari mbele ya meza yako, akanywa kikombe kizima cha maziwa bila kushusha pumzi, nawe ukawaambia wenzako kwamba huyo amelelewa vizuri. Kazi yake ilipokwisha alikuletea mche ndani ya kopo la maziwa ya unga. Nilikuwa nimesimama nyuma yako na sare ya shule.

"Hii iko nini?" ukamuuliza.

"Mzabibu, mama. Unatoa zabibu nyeusi."

"Sabibu ya kula?"

Akacheka, akasema zinalika. Hakudanganya, maskini. Hakusema tu yote.

Basi ukaufuga. Sina neno lingine. Wewe uliyekulia Elwak nyuma ya ngamia, ukautengea mti kivuli cha mkeka, samadi ya mbuzi na maji asubuhi na jioni, na ole wake atakayeugusa. Miaka mitatu ukatoa majani matupu. Bwana shamba alipokuja akakueleza kwamba kwenye joto letu mzabibu hauna majira ya kulala, kwa hiyo ni lazima upogolewe ndipo uzae. Ulimtazama kana kwamba amemtukana mama yako.

"Wewe nasema nakata? Ngamia ikikosa kusaa, wewe nakata miguu yake?"

Yule bwana alimaliza chai yake taratibu, akaaga.

Kisha ikaja siku ya harusi ya jirani, tukatoka sote, na lango likaachwa wazi. Wewe ndiye uliyeliacha wazi, Ayeeyo. Ulinisingizia miaka yote na leo nakataa. Tuliporudi, mbuzi wako mweupe alikuwa amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, anatafuna kwa utulivu, na mzabibu umebaki kisiki na vijiti viwili. Ulikaa chini vumbini na nguo zako za harusi. Ulipoinuka uliulizia kisu, na mama akakusihi usubiri angalau hasira zipoe.

Zilipoa polepole, na hilo ndilo lililomponya mbuzi. Baada ya majuma machache kisiki kikachipua, na kwenye machipukizi yakatokea maua madogo ya kijani, vichala kwa vichala. Ulimtazama yule mbuzi muda mrefu sana. Ukasema kwa Kisomali, "Kumbe huyu ndiye bwana shamba." Akafa kwa uzee, hakuguswa na mtu.

Sasa tuseme ukweli kuhusu zabibu zenyewe. Zilikuwa ndogo kama njugumawe, ngozi nene, mbegu kubwa kuliko nyama, na baada ya utamu wa kwanza zilikausha ulimi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Ukizichuma mapema zilinukia pilipili hoho. Nawe ulizigawa kwa fahari! Mwezi wa Ramadhani imamu wetu alifuturu kwako, ukampa tende tatu na bakuli zima la zabibu, ukasimama pale mpaka amalize. Nilimwona akimeza mbegu moja baada ya nyingine. Hakuna mwanamume mjini humu aliyethubutu kukuambia ni kali.

Halafu nikaenda chuo cha kilimo. Siku moja mhadhiri akatuonyesha picha ya jani lenye ncha tano zilizokaribiana hadi zikaacha matundu ya mviringo katikati. Jani la Ayeeyo! Nilikuwa nimelifagia uani tangu utotoni. Mhadhiri akataja jina: Cabernet Sauvignon, zabibu maarufu kuliko zote duniani kwa kutengenezea mvinyo mwekundu.

Nilisikiliza somo lote masikio yakiwaka. Asili yake ni kusini magharibi mwa Ufaransa. Karne kadhaa zilizopita mzabibu mweusi na mzabibu mweupe walichavushana wenyewe shambani, hakuna aliyewapangia, na kwa muda mrefu watu walibaki kukisia tu wazazi wake hadi wanasayansi walipopima vinasaba. Ngozi yake nene huvumilia mengi. Huchelewa kuiva kuliko nyingi, na ule ukakasi uliomtoa jasho imamu ndio wakulima wa mvinyo wanaoutafuta, maana ndio unaofanya mvinyo ukae miaka bila kuharibika. Umesafirishwa hadi Chile, Australia na Afrika Kusini, na kote umeshika mizizi.

Nilipanda basi kurudi nyumbani nimeazimia kukuambia. Nikakukuta chini ya kichanja na wanawake wenzako wa sokoni, na kabla sijavua viatu ukaanza kwa Kiswahili chako cha sokoni.

"Mjukuu wangu nasoma mambo ya miti. Haya, sema. Mti yangu iko kabila gani?"

Nikasema ni wa Ufaransa, mzazi mmoja mweusi, mwingine mweupe.

"Nani nalibanga hiyo ndoa? Wasee nalikubali?"

"Hakuna, Ayeeyo. Walikutana wenyewe tu."

"Nalitoroka!" Ukapiga makofi. "Nalitoroka, kadhi ya mbali nafungisha ndoa!"

Mlicheka mpaka mmoja wenu akamwaga chai. Nilikutazama ulivyofurahi, nikayameza maneno yaliyobaki. Nilijiambia nitakwambia kesho. Kesho hiyo haikufika, nami kila nilipokuona ukiumwagilia maji nilijihisi mwizi.

Wiki iliyopita Abti Yusuf, mwanao na mjomba wangu, alikuja kutoka Elwak. Mtu alikuwa amemtumia video kwenye simu, akaona lile jani na chupa pembeni yake. Aliingia uani na panga mkononi.

"Huu ni mti wa pombe," akasema. "Nyumba ya mama yangu! Watu watasemaje? Angelijua, angeung'oa kwa mikono yake."

Nilijua neno moja lingeuokoa mti. Ningemwambia ulijua na ukaridhika, nani angenipinga? Sikulisema, Ayeeyo. Nilikuwa nimeshakuficha, sikuweza tena kukusingizia.

"Hooyo, mama yangu, alijua?" akauliza.

"Hakujua. Mimi ndiye niliyejua. Nilimficha."

"Kwa nini?"

"Alikuwa na furaha, Abti."

Alitazama juu kwenye vichala, akachuma zabibu moja, akaila, uso ukamkunjamana. Akachuma ya pili. Macho yake yalikuwa yamelowa, na sidhani ni kwa ukali wake.

"Kila nilipopiga simu," akasema, "nilimsikia akiumwagilia maji. Kila ndoo, bismillahi. Kila ndoo! Huu mti umesomewa bismillahi kuliko mimi niliyemtoka tumboni. Niukate kwa ujasiri gani?" Akanikabidhi panga, akaomba chai. Kabla ya kulala alimpigia imamu, naye akamwambia zabibu ni riziki ya Mungu, dhambi ni ya mwenye kuigeuza.

Kwa hiyo mti upo, Ayeeyo, na Abti Yusuf ameondoka na mfuko uliojaa zabibu, anakwenda kuwatesa watu wa Elwak. Amenisamehe, tena kwa maneno mazuri. Lakini si yeye niliyemficha. Najua wewe ungenifokea mpaka mtaa wa tatu wasikie, kisha ungeniuliza kama nimekula.

Nimekula, Ayeeyo. Nisamehe.

Mjukuu wako,
Fardosa