Bakuli la Wali wa Chai

Kyoto, 9 Novemba

Mama mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima. Babu anaendeleaje na nyonga yake? Ameanza kutembea mwenyewe, au bado anakugombeza ukimshika mkono? Baba na mimi hatujambo, ila supu anayopika ina chumvi hadi tunakunywa maji usiku kucha.

Naanza na jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: huwa naona haya ukizungumza mbele za watu. Ni ile lafudhi ya kwenu mashambani, mkoani Tango, na sauti inayofika ng'ambo ya barabara. Nimeliandika, na sitalifuta.

Mwezi uliopita, kabla hujaenda kumuuguza Babu, Mwalimu Tokuda alimpa kila mmoja wetu neno la kale la kueleza mbele ya wazazi, siku ya maonyesho ya shule. Mimi nilipata miyabi. Unanijua mimi na kamusi. Nilishinda maktaba wiki mbili. Niliandika kwamba ni uzuri uliochujwa, usiopiga kelele, na kwamba wataalamu wanalitoa neno hilo kwenye kasri: kuwa na mwenendo wa watu wa kasri la mfalme. Kinyume chake ni ushamba. Mwalimu alisema insha ni nzuri lakini imekauka kama dagaa. Nitafute mfano ulio hai.

Nikakuchukua wewe. Nilisimulia siku ulipokuwa bibi harusi mgeni mtaani, ukampelekea samaki Bi Imanishi wa nyumba ya pili. Ulipoaga akasema, "Mbona haraka, si ukae japo ule wali wa chai?" Mtu wa hapa angeinama, akashukuru, akaenda zake, maana hayo ni maneno ya kuagana tu. Wewe ulivua viatu tena, ukakaa, ukala mabakuli mawili ya wali uliomiminiwa chai ya moto. Sikutaja jina lako. Nilisema "mwanamke mmoja wa shamba." Ukumbi mzima ulicheka. Mama mmoja wa nyuma akasema labda masikini alikuwa na njaa kweli, wakacheka upya. Nikapewa zawadi ya kwanza, na insha itatoka katika kijitabu cha shule kinachogawiwa nyumba kwa nyumba.

Jumanne Bi Imanishi aliniita langoni kwake. Alikuwapo ukumbini, kwa ajili ya mjukuu wake. Nilijua atanipa zile sifa tamu za hapa zenye mwiba ndani, na nilistahili. Lakini aliniuliza waziwazi, kitu ambacho sijawahi kumsikia akifanya, ni nani aliyenisimulia kisa kile. Nikasema ni marehemu Bibi. Akasema basi Bibi alinipa nusu. Siku ile hapakuwa na wali jikoni, hata punje. Alikuwa na wiki tatu tangu amzike mumewe, na yeye alimwambia kila mgeni aliyekuja akae ale, na wote walikuwa waungwana, wakaondoka. Alipokuona umekaa alikasirika, akapika huku akikusema moyoni. Kisha mkala pamoja. Hicho kilikuwa chakula chake cha kwanza cha kukaa kitako tangu mazishi.

"Kesho yake niliwasimulia majirani tukacheka," alisema, "hata mimi nilimcheka mama yako, mwanangu, usijione peke yako." Lakini tangu siku hiyo hamwambii mtu akae kama wali hauko tayari. Halafu akauliza, "Mama yako alikaa wapi siku ile? Nilimtafuta kwa macho sikumwona."

Nilimwinamia tu. Nakujibu wewe. Barua ya kukualika niliificha ndani ya kamusi. Asubuhi ya maonyesho, ukinifungia chakula, uliniuliza kama kuna jambo lolote shuleni, nikasema hakuna. Niliogopa ungekuja na koti lako la kijani, uwaamkie walimu wote kwa sauti. Si kwamba nilisahau, Mama. Nilikuficha.

Basi Bi Imanishi akasema nikae nile wali wa chai. Sikujua kama ananiaga. Nilivua viatu, nikakaa. Wali ulikuwapo, na achari ya figili. Nilikula bakuli moja nikilia, naye akajifanya anatazama bustani.

Jana nilimwomba Mwalimu aiondoe insha. Alisema kurasa zimeshapigwa chapa. Kijitabu kitaletwa Jumamosi, nawe unarudi Jumapili, kwa hiyo nimetaka uyasikie kwangu kwanza. Nimekwenda kwa Bi Imanishi kumweleza nilichokujibu humu. Kisha nikautoa mwaliko ndani ya kamusi, nikaukunja pamoja na barua hii. Tarehe yake imepita.

Baba anakusalimu sana. Mfikishie Babu salamu zangu, na umwambie asikatae fimbo.

Mwanao,
Fumino