Mtumbwi wa Mwisho wa Fundi Protase Mushumbusi wa Bumbire

Mwaka umetimia, Tata, baba yetu, tangu nyundo yako inyamaze hapa ufukweni, kisiwani Bumbire. Ulituagia mjini Kashai, nyumbani kwa binti yako Lilian, ulikokwenda kutibiwa. Hata huko ulilalamika kwamba usingizi hauji, eti nyumba imetulia mno. Ndivyo ulivyokuwa, nchi kavu ulikuja kutembea tu.

Miaka arobaini uliwaundia watu wa Muleba mitumbwi. Hukuukabidhi hata mmoja kabla hujaupeleka majini mwenyewe, na mmoja wetu wanao amekaa chini kabisa, juu ya mbao. Makalio yetu ndiyo yalikuwa kipimo chako. Ulisema, "Fundi anayeogopa kumpakia mwanawe akauze kuni."

Siku moja Gozbert alisema kaptula yake imelowa. Mwenye mtumbwi akacheka, "Maji kidogo tu hayo, fundi." Ukamjibu, "Hayo kidogo ndiyo yanayoita wenzake." Ukaing'oa pamba yote uliyozibia mianya, ukaanza upya, siku nne nzima. Hatujasikia mtumbwi wako umezama, na kwa hilo tunajivuna bila aibu.

Binti yako Joanitha alipotaka kujifunza kazi, watu walisema mtumbwi ukiguswa na mwanamke unapata mkosi. Ukawauliza, "Mimi nilibebwa na nani miezi tisa? Mbona sikuzama?" Ukampa nyundo.

Ulipougua, mtumbwi wa Mzee Mwijage ulikuwa bado kuzibwa upande mmoja. Joanitha ameumaliza peke yake. Mzee Mwijage ameuzunguka mara tatu, akaugonga hapa na pale, akasema, "Ni mzuri, mwanangu. Lakini mitumbwi ya baba yako nilijua nani atapanda kwanza." Hakusema kwa ubaya. Wavuvi sita watauaminia huo roho zao. Joanitha naye wiki hii hali chakula vizuri; anasema mkono ameurithi, sikio lako la kusikiliza mbao hana hakika nalo.

Jumamosi hii, baada ya misa ya kukuombea, mtumbwi unashuka majini. Joanitha atapiga kasia, na bintiye Kokushubila, mwenye miaka minne, atakaa pale pale tulipokaa sisi. Gauni lake likirudi kavu, Mzee Mwijage atachukua mtumbwi wake, na Bumbire itakuwa na fundi tena.

Mama, ambaye miaka yote ile alibaki ufukweni ameshika kifua kila ulipotupakia, tumeshamweleza. Jana ameuliza kama kuna nafasi ya mtu wa tatu.

Unakumbukwa na mkeo Alistidia. Wanao Gozbert, Lilian na Joanitha. Wajukuu zako wote. Dada yako Consolata wa Buhembe, pamoja na ukoo mzima na wavuvi wa Bumbire.

Pumzika, Tata. Hatutakusahau siku zote za maisha yetu. Mama atakaa chini, juu ya mbao.